Mkalimani wa Kitanda cha Dirishani

Kanisani walimwita Mikono, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Kila ibada alisimama pembeni ya mimbari, amevaa nguo nyeusi isiyo na maua ili vidole vyake vionekane vizuri, na maneno yote ya mchungaji yakapita kwake kushuka kwenye benchi la viziwi. Mchungaji mwenyewe alikuwa kijana, mgeni katika kanisa lile, mwenye koti linalomzidi mabega na ulimi unaokwenda kama mtu anayefukuzwa. Mikono alimfuata hivyo hivyo bila kutokwa jasho. Watu walisema dada huyu ana kipawa. Yeye alijua si kipawa, ni mdogo wake. Mdogo wake alizaliwa kiziwi, na nyumba nzima ilijifunza kusema kwa mikono kwa sababu mtoto yule alikataa katakata kuachwa nje ya mazungumzo.

Mdogo wake huyo alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita. Mchungaji hakulijua hilo, na Mikono hakuwa mtu wa kutembeza msiba wake.

Asubuhi ile mchungaji alimpigia simu Mikono, ambaye alikuwa shuleni anapofundisha, darasani na wanafunzi wake viziwi.

"Dada, njoo hospitali, wodi ya upasuaji ya wanaume. Kuna mgonjwa kiziwi, anapasuliwa leo leo. Kila nikipita ananionyesha juu, halafu anajipiga kifua. Ana jambo la kuniuliza, na mimi naambulia patupu. Kuandika hajui. Tafadhali usikawie."

Mikono aliaga, akaenda. Aliingia wodini akiwa na haraka zake, akapita katikati ya safu mbili za vitanda, kwenye harufu ya dawa ya sakafu na mapazia yaliyofuliwa mpaka rangi ikachoka. Mchungaji alikuwa amesimama kwenye kitanda cha dirishani. Mgonjwa alikuwa amegeukia nje. Mchungaji akamgusa bega, mgonjwa akageuka, akarekebisha miwani yake minene, na Mikono roho ikamruka.

Alikuwa Fundi.

Hapa hakuna sababu ya kumzungusha msomaji, habari yote ni hii. Fundi alikuwa seremala, kiziwi naye, mwenye karakana ya vitanda na makabati. Ndiye aliyemfundisha kazi mdogo wake Mikono. Alikula kwao, alilala kwao, na mama yao alimwita mwanangu. Kwa kuwa mafundi wote mle walikuwa viziwi, walikuwa na utaratibu wao: kabla ya kufunga, Fundi huwasha na kuzima taa kubwa ili aliye nyuma ya mbao aone na atoke. Siku moja Fundi alilewa tangu mchana. Hakuigusa taa. Alitoka, akatia kufuli kwa nje, akarudi baa. Mdogo wake Mikono alikuwa chumba cha nyuma, amejilaza akisubiri vanishi ikauke. Waya mbovu ukashika moto, na moto ukikuta maranda na vanishi hauna subira. Majirani walimsikia kijana akigonga mlango. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Fundi, Fundi alikuwa baa, na kiziwi mlevi humwiti kwa kelele. Walipofanikiwa kuvunja, hapakuwa na la kuokoa.

Mahakamani Fundi hakukana kitu. Alifungwa. Mikono alikaa mle akisubiri moyo wake utulie hukumu ikisomwa, na moyo haukutulia. Hakujua kwamba mtu huyu ameshatoka.

"Mnafahamiana?" mchungaji akauliza, maana uso wa mgonjwa ulikuwa umebadilika.

"Kidogo," Mikono akasema.

Fundi akainua mikono yake. Ilikuwa imekonda, lakini bado ilikuwa mikono ya seremala, yenye kidole kimoja kifupi.

"Wewe," akasema kwa alama. "Nilimwomba Mungu mkalimani. Sikumwomba wewe. Lakini ni sawa. Usiongeze, usipunguze. Mfikishie kama ninavyosema."

Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee mmoja mwenye mguu wa plasta. Alijiinua kwa viwiko apate kuona vizuri. "Kumbe jirani yangu anasema," akasema. "Siku zote hizi nimemdhania ana maringo."

Fundi akaanza, na Mikono akafanya kazi yake. Mkalimani anayejua kazi hasemi "huyu anasema hivi." Anavaa nafsi ya msemaji, anasema "mimi," basi. Kwa hiyo kinywa cha Mikono, kinywa cha dada wa marehemu, kilitamka maneno haya mbele ya mchungaji:

"Mimi niliua kijana. Nilimfungia ndani nikiwa nimelewa, akaungua. Nimekaa jela, nimetoka, na pombe sijaigusa tena, lakini kile kitu hakijanitoka. Sasa nina uvimbe tumboni, umekaa vibaya karibu na mshipa mkubwa wa damu, na daktari alinichorea, hakunificha, naweza kuingia kule nisirudi. Nauliza. Mungu wako anampokea mtu kama mimi? Sijabatizwa. Darasa lenu la ubatizo sijalisoma, nyimbo zenu sizijui. Na yule kijana siwezi kumrudisha."

Sauti ya Mikono ilitetemeka. Mchungaji akadhani ni huruma.

Kijana yule wa koti kubwa akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo wauguzi hawalitaki hata kulisikia, na kwa mara ya kwanza tangu Mikono amfahamu akasema polepole.

"Ndugu yangu, hujachelewa. Darasa halimwokoi mtu, na mimi pia simwokoi mtu. Yesu ndiye aliyebeba, akabeba na hilo lako. Huna safari ya kwenda kumtafuta. Yuko karibu na wewe kuliko hilo shuka ulilojifunika. Mwamini kwa moyo wako, mwambie, anakupokea. Ukipona nitakubatiza kwa furaha. Usipopona, maji hayatakuzuia mlangoni. Ni bure, ndugu yangu. Ni leo, hapo ulipo, na ni hata kwa lile."

Kisha akamtazama Mikono, akingoja.

Bure. Mikono aliijua alama ya neno hilo kuliko kiganja chake. Alikuwa ameitoa kanisani ibada baada ya ibada, kwa walevi, kwa wazinzi, kwa kila aliyepita mbele analia. Haikuwahi kumgharimu kitu. Leo vidole vilikataa. Mdogo wake aligonga mlango mpaka nguvu zikamwisha na hakuna aliyemfungulia. Na huyu afunguliwe kwa kuomba tu, amejilaza, amefunikwa vizuri? Damu ilimchemka. Alimchukia Fundi, akamchukia na mchungaji kwa ule upole wake, na tuseme kweli, kwa kitambo kile alimchukia hata Mungu kwa kuwa mwepesi namna ile.

Mikono yake ikainuka.

"Mchungaji anasema bado," akasema kwa alama. "Mungu hapokei haraka hivyo. Kwanza familia ya yule kijana ikusamehe. Ukishasamehewa nao, ndipo uje."

Fundi alimtazama. Akahamisha macho kwa mchungaji, ambaye alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa nguvu, macho yamelowa, tabasamu limejaa uso mzima. Viziwi husoma nyuso kama sisi tunavyosikia redio.

"Mbona yeye anatabasamu?"

"Ni mtu mpole. Hata habari mbaya huitoa hivyo."

"Na mbona unasema 'mchungaji anasema'? Zamani ulipotukalimania kwa wateja, ulisema 'mimi.'"

Mikono hakujua kwamba vidole vyake vimeukwepa uongo huo kiasi cha kukataa kuuvaa.

"Anasemaje?" mchungaji akauliza.

"Anauliza kama ni kweli."

"Mwambie ni kweli kabisa." Mchungaji akaweka mkono kifuani, akamkazia Fundi macho ili aone mwenyewe.

"Anasema ni kweli kabisa," Mikono akasema kwa alama. Na hapo hakuwa amebadilisha hata neno.

Fundi akashusha pumzi. "Familia ni wewe na mama."

"Ndiyo."

"Mama atanisamehe?"

"Mama hataki kusikia habari zako." Hilo nalo lilikuwa kweli.

"Na wewe?"

Mikono aliiweka mikono yake tumboni, mmoja juu ya mwingine. Kwa viziwi wa benchi la kanisani, huko ndiko kunyamaza.

Fundi akaitikia kwa kichwa taratibu, kwa muda mrefu, kama mtu anayekubaliana na jambo alilokuwa analijua. Hakulalamika. Hakumwomba amwulize mchungaji tena. Akasema: "Asante. Jela walikuwa wanakuja watu na magitaa wananionyesha juu na kucheka, kama ni jambo jepesi. Moyo wangu ulikataa, nikasema haiwezekani. Wewe umeniambia ukweli."

"Anasemaje?"

"Anashukuru," Mikono akasema.

"Bwana asifiwe," mchungaji akasema, na machozi yakamtoka kweli. Akafumba macho akaanza kuomba, na akiomba ule mwendo wake wa kufukuzwa ukarudi. Mikono alitakiwa kuyafikisha maombi yale. Alisimama tu. Fundi, ambaye hakuambiwa kinachoombwa, aliangalia dirishani.

Mzee wa plasta akakohoa. "Samahani, mimi si msomi wa mikono," akasema baada ya amina. "Lakini mchungaji anafurahi, na mgonjwa kama kasomewa hukumu. Hapo mmoja wenu hajaelewa."

"Moyo ukifunguka, mzee wangu, uso huwa hivyo," mchungaji akamjibu.

"Haya. Mimi yangu ni mguu tu."

Muuguzi akaingia na kitanda cha magurudumu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha. "Nani amekalia kitanda cha mgonjwa?" Mchungaji akaruka kama mtoto wa shule. Muuguzi hakupoteza muda. Akamvua Fundi miwani, akaitia kwenye kabati dogo la pembeni na kulifunga. Akamwekea sindano ya maji kwenye mkono wa kulia, akaufunga na kibao ili asiukunje. Akamdunga nyingine ya kumlegeza. Kila alichofanya kilikuwa cha lazima, na kila kimoja kilimpunguzia Fundi lugha. Bila mkono wa kulia alikuwa kama mwenye kigugumizi, na bila miwani, Mikono alikuwa kwake kivuli cheusi.

Hata hivyo aliinua mkono wa kushoto kuelekea kile kivuli. "Mwambie mama," akaanza. Kisha akaona si haki. "Usimwambie kitu." Wakamsukuma.

Mchungaji akamshika Mikono bega. "Dada, Mungu akubariki. Leo umefungua mlango wa mbinguni kwa mikono yako. Ngoja nipite wodi ya wanawake kidogo, nitakukuta mbele ya chumba cha upasuaji." Akaondoka akiwa mwepesi, koti linapepea.

Mikono akabaki na kitanda kitupu.

"Binti yangu," mzee wa plasta akamwita, safari hii bila utani. "Yule ni nani wako?"

"Si mtu wangu."

"Basi mbona unatetemeka?"

Alikuwa anatetemeka kweli. Alitegemea kusikia kitu kizuri ndani yake, hata kidogo, kama mtu aliyemaliza deni la muda mrefu. Hakusikia kitu. Alichosikia ni lile asante. Angetukanwa angevumilia, mtu anayekutukana anakupa cha kushikilia. Huyu alimshukuru, na sasa anakwenda kulazwa chini ya kisu akiamini kwamba Mungu amemkataa, tena ameamini kwa sababu ya mikono ambayo hajawahi kuitilia shaka. Jela ya serikali ilikuwa na siku ya kutoka. Hii aliyompa yeye haikuwa na siku. Na ile familia iliyopaswa kumtoa, nusu yake ni yeye mwenyewe, na nusu nyingine ni mama aliyepiga marufuku habari zake.

Ndipo lilipomjia, na lilimjia vibaya. Alikuwa amemfungia mtu kwa nje na kuondoka na ufunguo. Na yeye hakuwa hata amelewa.

Akatoka mbio.

"Dada, sakafu ina maji," mfagiaji akamwambia, na Mikono akateleza, akajishika ukutani, akaendelea. Akapita watu wa foleni ya dawa, akapita mtu aliyebeba maua, akakata kona akiwa na hofu kwamba atakuta milango imeshafungwa. Kitanda cha magurudumu kilikuwa kimesimama mbele ya chumba cha upasuaji, kimezuiliwa na kingine kilichokuwa kinatoka. Sakafuni palikuwa na mstari mwekundu. Muuguzi alimwona akija, akanyoosha mkono.

"Mwisho hapo."

"Nahitaji kusema naye."

"Muda wa kusema umekwisha, mama. Ameshaanza kulegea, na miwani hana. Utamwonyesha nini?"

"Sitamwonyesha. Nitamshikisha. Nimemwambia uongo. Usimwingize na uongo wangu, nakuomba."

Muuguzi alimtazama usoni. Wauguzi wamesikia mengi kwenye mstari ule, na huyu alijua tofauti ya mtu anayesumbua na mtu anayezama. "Kile kitanda kikishapita, naingia," akasema, akasogea kidogo.

Karakana ilikuwa na desturi ya umeme ukikatika: mafundi walisemezana kwa kushikana. Mmoja anasema, mwingine anaweka mikono yake juu ya mikono ya msemaji, anafuata. Mikono alifundishwa hivyo na mdogo wake, nyumbani, watoto wawili chini ya blanketi wakati mama anadhani wamelala. Akaushika mkono wa kushoto wa Fundi, akauweka juu ya wake. Fundi alishtuka, kisha vidole vikatulia. Alijua ni nani.

Kwanza Mikono akakipeleka kiganja chake kifuani mwake mwenyewe. "Mimi," akasema. "Si mchungaji. Mimi. Nimekudanganya."

Mkono ukakakamaa.

"Mchungaji hakusema bado. Hakusema familia. Alisema leo. Alisema bure. Yesu amebeba na hilo lako. Mwamini, anakupokea, hapo ulipo. Hata kwa lile."

Alirudia neno bure, polepole, vidole vyake vikigusa vya Fundi kila hatua ili asilikose. Kile kitanda kingine kilikuwa kinapita, gurudumu moja likilia.

Mkono wa Fundi ukasogea kama unaotoka kwenye matope. "Unanihurumia," ukasema. "Kwa sababu nakufa."

"Hapana."

"Mwanzo ulisema ukweli. Sasa unanibembeleza."

Mikono akataka kulia kwa uchungu. Uongo wake ulikuwa umeaminiwa mara moja, na habari njema anaibembeleza iaminiwe, nayo inakataliwa. Muuguzi akatazama milango. Daktari mmoja mwenye barakoa akachungulia, akauliza kwa kidole.

"Umenisamehe?" Fundi akauliza.

Jibu lilikuwa jepesi. Aseme tu ndiyo. Mgonjwa ataingia na amani, na ni nani angemlaumu? Vidole vilishaanza kulitafuta. Lakini alikuwa amekwisha kumwekea mtu huyu uongo mmoja mkononi, na hakuwa na ubavu wa kumwekea wa pili, hata uwe mtamu namna gani. Alijitazama ndani, akamwona mdogo wake nyuma ya mlango, akakuta chuki bado iko palepale, imepungua labda, lakini ipo.

"Bado," akasema. Akasubiri mkono uanguke.

Haukuanguka. Ulibaki juu ya wake, mzito, ukifikiri. Kisha ukauliza: "Wewe bado. Yeye?"

"Yeye tayari."

"Bila wewe?"

Miaka yote Mikono alikuwa amekaa na jambo moja tu ambalo Fundi alilihitaji, na kule kulishika kulikuwa kumemtia nguvu ya kuamka asubuhi. Kuliachia kuliuma kama kung'oa jino.

"Bila mimi," akasema. "Bila mama. Hakutuuliza."

Macho ya Fundi yasiyoona vizuri yalikuwa yamejaa machozi. "Mtu anayenihurumia angesema ndiyo," akasema. "Basi naamini."

Akaondoa mkono juu ya wa Mikono. Akauinua hewani, ule mmoja tu, alama zimekatika nusu kwa kukosa mwenzake. Mikono akazidaka zote, na kwa kuwa kazi yake ndiyo hiyo, akazitoa kwa sauti pale ukumbini, muuguzi akisikia, daktari akisikia: "Yesu, ni mimi niliyefunga. Sina cha kuleta. Nakuamini wewe. Nipokee."

Muuguzi akaurudisha ule mkono taratibu chini ya shuka, akasukuma kitanda, na milango ikajifunga nyuma yao.

Mchungaji alimkuta kwenye benchi la mbao, ameinama. Akadhani analia kwa furaha, akaanza kusema habari za mbinguni wanavyoshangilia. Mikono akamkatisha, akamweleza yote, tangu karakana mpaka mstari mwekundu, bila kujitetea. Kadiri alivyosema ndivyo tabasamu la mchungaji lilivyokauka.

"Nimeomba pale nimefumba macho," akasema mwishowe, "na wewe umesimama hapo hapo umemfungia nje?"

"Ndiyo."

"Na angeingia vile?"

"Angeingia vile."

Mchungaji akasimama, akatembea mpaka dirishani, akarudi. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Mimi sijui nitakusimamishaje tena mbele ya watu, dada. Wale viziwi watajuaje lipi langu na lipi lako?"

"Sijui, mchungaji. Usinisimamishe."

Alitaka kuendelea kugomba, ila alipomtazama vizuri akakaa. "Pole kwa mdogo wako," akasema. "Sikujua." Kisha akauliza: "Na huyu, umemsamehe?"

"Bado."

"Sasa ulimwambiaje?"

"Hivyo hivyo. Kwamba mimi bado, na kwamba hanihitaji mimi."

Mchungaji alikuwa amehubiri jambo hilo tangu chuoni, na ilionekana ndiyo kwanza analisikia.

Milango ikafunguka nusu, muuguzi akatoa kichwa. "Huyu mgonjwa sijaona ndugu yeyote," akasema. "Akizinduka lazima awepo mtu wa kusemezana naye, atapata woga. Nani anamsubiri?"

"Kanisa litapanga mtu," mchungaji akaanza.

"Mimi," Mikono akasema.

"Wewe ni nani wake?"

Mikono angeweza kusema mkalimani, na ingetosha.

"Alimuua mdogo wangu," akasema. "Nitakuwepo hapa akizinduka."